Mvua ya Mbali

Juma hili nataka kukusimulia safari, na ndani ya safari hiyo nikiri kosa nililolifanya kwa kidole kimoja tu, kidole cha kupunguza sauti ya redio. Kwa mtu wa kazi yangu kupunguza sauti ya redio si jambo dogo. Lakini tutafika huko.

Kwetu ni Matwebe, wilaya ya Rungwe. Kwa asiyepajua Tukuyu na viunga vyake, namwambia hivi: sisi hatuulizani kama mvua itanyesha, twaulizana kama itapumzika. Kwa mwaka hushuka zaidi ya milimita 2,000, ilhali Dodoma wakipata milimita 570 hivi husema mwaka umekwenda vizuri. Nguo iliyofuliwa Jumatatu hukauka Alhamisi, tena juu ya jiko. Mtoto wa Matwebe hukua akiichukia mvua kama anavyomchukia mwalimu wa hesabu, na hajui kwamba kuna watu duniani wanaoiota usiku.

Hapo Matwebe ninaye mjomba, ndugu wa mama yangu. Kwa desturi yetu mimi humwita mjomba, naye hunijibu mjomba. Mwaka 1967, akiwa kijana wa miaka 19, alikuwa utingo wa malori ya mafuta yaliyokuwa yakitoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Ndiyo miaka ile ambayo Ian Smith alikwisha kujitangazia uhuru wake wa kilowezi kule Rhodesia, Novemba 1965, na Zambia ikawa inategemea sana njia ya kwetu kupitishia mafuta. Barabara kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na ikapewa jina la njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, na lami ya TANZAM ilipofika miaka michache baadaye, kazi ya kukwamua malori ikapungua. Mjomba akarudi nyumbani kulima chai. Lakini mtu aliyelala chini ya lori kungoja tope likauke haachi tabia zake, na tabia hizo ndizo zilizotuponya.

Binti yake wa mwisho, ambaye kwangu ni dada, ameolewa na mwalimu wa Kenya aliyepangiwa shule huko Maikona, kaunti ya Marsabit, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Mwaka 2023 walijaliwa mtoto wa kiume. Mjomba akasema lazima amwone mjukuu huyo kabla macho yake hayajafumbwa. Tulimshauri apande ndege hadi Nairobi, akatuuliza kama ndege hiyo ina mahali pa kusimama ukanunua mahindi ya kuchoma. Basi katikati ya Novemba 2023 tukaondoka kwa gari, Land Cruiser ya shemeji yangu: mjomba, mimi, na kijana mmoja fundi wa magari kutoka Uyole ambaye ndiye alikuwa dereva. Mbele yetu kulikuwa na karibu kilomita 2,000.

Tulitoka Matwebe mvua ikinyesha, kama ilivyo ada. Kupanda kuelekea Isyonje ukungu ulikuwa mzito hata tukawasha taa saa tatu asubuhi, na mjomba amejifunika koti la sufi alilolinunua enzi za utingo. Tukashuka Uyole, tukashika barabara kuu ya Iringa, na baada ya Chimala koti likavuliwa. Hapo ni bonde la Usangu. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami kama mvuke wa sufuria, vumbi la njano, ng'ombe wamejikusanya chini ya mti mmoja. Ni mwendo wa saa mbili tatu tu kutoka kwenye ukungu ule.

Mjomba aliomba tusimame. Akanyoosha mkono kuonyesha milima tuliyotoka. Akasema maji yanayoangukia upande huu wa Uporoto hushuka hapa Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, yakaenda kuwasha taa Mtera. Yanayoangukia upande wa kwetu huingia Kiwira na Mbaka yakaishia Ziwa Nyasa. "Tone moja likipeperushwa na upepo kidogo," akasema, "linabadili nchi." Nikaona ni maneno ya mzee tu. Ni kweli, na nilifundishwa shuleni, lakini sikuwa nimewahi kulifikiri barabarani: kwamba mtu wa Usangu anayelima mpunga juani anaishi kwa mvua iliyomlowesha mtu mwingine kabisa. Na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya mbuga, kwa kuwa huku juu Usangu maji yametumika kabla hayajafika chini.

Makambako walitupokea kwa upepo wao, ule unaofungua mlango wa gari kabla wewe hujaufungua. Iringa tukalala kwa baridi. Kesho yake tukaacha barabara ya Dar es Salaam, tukateremka Nyang'oro kuelekea Mtera na Dodoma. Ni nchi ya mibuyu na miiba. Vuli ile ilikuwa imetangazwa mapema: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutuambia kwamba kutakuwa na El Nino na mvua za juu ya wastani katika mikoa inayopata vuli. Waliokuwa watu wazima mwaka 1997 na 1998 hawakuhitaji kuelezwa El Nino ni nini. Pale Mtera, hata hivyo, jua lilikuwa kali, na mbingu safi kama sahani iliyosuguliwa. Kijana wetu akacheka, akauliza hiyo El Nino imeshukia kituo gani.

Barabara hii tuliyoishika si ngeni. Ndiyo ile Barabara Kuu ya Kaskazini waliyoiota wakoloni, kutoka Cape Town hadi Cairo, na ndiyo maana watu wa Arusha hupenda kukwambia kwamba mnara wao wa saa uko katikati ya miji hiyo miwili. Miaka mingi kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa aibu yetu. Lami yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2018 pale Kondoa, kilomita 251. Mwingereza mmoja, Meja Court Treatt, na mkewe Stella, pamoja na wenzao, waliondoka Cape Town Septemba 1924 kwa magari mawili ya Crossley, wakafika Cairo Januari 1926. Miezi 16. Ukisikia safari ya kuvuka Afrika kwa gari unafikiri adui alikuwa mchanga wa jangwa. Kumbe kilichowala miezi ni mvua na matope na mito isiyo na madaraja. Nilimsimulia mjomba habari hiyo tukiwa Kolo, naye akajibu kwamba hao Waingereza wangemwuliza yeye.

Sitakuchosha na Babati, Arusha, Namanga na foleni za Nairobi. Nitasema tu kwamba pale mpakani shada la ndizi alilolibeba mjomba kwa ajili ya mjukuu halikuvuka, kwa kuwa mimea ina sheria zake, na mzee alikaa kimya hadi Kajiado. Majani ya chai makavu yalivuka. Yashike akilini majani hayo.

Nairobi ilikuwa na mvua, Karatina mvua, Nanyuki mvua na baridi ya kuuma masikio ingawa Ikweta yenyewe inapita hapo hapo. Mlima Kenya hatukuuona hata kidole. Baada ya Timau barabara inaporomoka kuelekea Isiolo, na katika muda wa kunywa chupa moja ya soda unahama kutoka mashamba ya ngano na sweta hadi joto la vumbi na ngamia. Hakuna mahali nimewahi kuona hewa ikibadilika upesi namna ile, na mimi ni mtu wa Isyonje na Usangu.

Kutoka Isiolo hadi Moyale ni yapata kilomita 500. Waliokuwa wakipita zamani walisafiri juu ya malori ya ng'ombe, kwa misafara yenye askari, siku mbili au tatu. Lami ilipokamilika mwaka 2016 na miezi iliyofuata, safari hiyo ikawa ya siku moja. Ni barabara nzuri. Gari linateleza kama liko mezani. Na hapo ndipo penye mtego, maana ukiwa kwenye lami unasahau uko wapi.

Pale Archer's Post tulivuka daraja la Ewaso Ng'iro. Mto ule ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo, na kandokando yake nchi imekauka mvua haijagusa. Maji yote yale yalikuwa ya Mlima Kenya na Nyandarua, ya wale watu wa sweta tuliowaacha asubuhi. Machi 2010 mto huo huo ulifurika ghafla ukazoa kambi za watalii katika hifadhi ya Samburu. Watu walilala kwenye kingo kavu wakaamkia majini. Nilimweleza kijana habari hiyo kwa kujigamba, maana mwandishi wa habari hujiona anajua kila kitu. Nilikuwa naieleza, ndugu msikilizaji, bila kuisikia.

Baada ya Laisamis tukaingia Kaisut. Hili nalo huitwa jangwa, nami nilijiandaa kuona mchanga kama wa kalenda. Nilichokiona ni mawe meusi, na juu ya mawe hayo utando wa kijani, majani mafupi kama ndevu za siku mbili. Mvua ilikuwa imepita. Kwa watu wa huko ilikuwa ajabu kubwa. Tangu Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kando ya barabara mifupa bado ilikuwapo, meupe, imelala ndani ya majani mabichi.

Jioni tukapanda Marsabit. Mji huo umekaa mgongoni mwa mlima wenye msitu, katikati ya ukame pande zote, na msitu wenyewe unaishi kwa ukungu. Ukungu ukatushukia. Taa zikawashwa. Mjomba akatoa koti lake la sufi na kusema, "Mjomba, tumerudi nyumbani."

Sasa nafika kwenye kidole changu.

Asubuhi yake tulikuwa garini tukitoka mjini, redio imewashwa. Kituo cha pale pale Marsabit kilikuwa kinasoma taarifa kwa Kiborana, na baadaye kwa Kiswahili. Taarifa zikaisha, mtangazaji akaingia kwenye hali ya hewa. Wakati huo huo simu yangu ikalia, ni dada yangu wa Maikona, anauliza tumefika wapi na tunakula nini mchana. Nikanyoosha kidole nikapunguza sauti. Sikufikiri hata kidogo. Kabla ya kupewa nafasi hii ya mazungumzo nilisoma taarifa za habari kwa miaka mingi, na hali ya hewa ndiyo ilikuwa mkia wa taarifa, kitu cha kusomwa jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua, sasa matangazo. Ukizoea kuisoma hivyo, hata kuisikia unaisikia hivyo.

Tuliacha lami tukashika njia ya Maikona. Ukungu ukaisha nyuma yetu, tukateremka kwenye nyanda, jua likatupokea. Njia ni ya mawe, inapita kwenye makorongo yasiyo na maji ambayo wenyeji huyaita laga. Kwa mgeni laga ni ukanda wa mchanga tu. Ungeweza kuudhani ni barabara nyingine. La kwanza tulilivuka, matairi yakazama kidogo, tukatoka. Kiasi cha kilomita nne mbele likaja la pili, pana, hatua sitini hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Mchanga mkavu. Ng'ambo, migunga mikubwa yenye kivuli.

Upande wetu alikuwa amekaa mzee mmoja wa Kigabra na ngamia wake, kama thelathini. Amekaa juu ya jiwe, juani, fimbo mapajani.

Kijana akaingiza gia. Nami nikamwambia, "Twende." Naomba neno hilo liandikwe kwenye jina langu, si lake.

Mjomba akafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Akashuka, akamwendea yule mwenzake, wakashikana mikono. Lugha ya kukutana hawakuwa nayo nyingi. Yule mzee alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni. Akanyoosha fimbo kuelekea mlima tulikotoka. Juu yake kulikuwa na wingu jeusi, limejilaza. "Hapana enda," akasema. "Huko juu mvua imepiga. Ngoja."

Nilitazama saa. Nilitazama mbingu iliyokuwa juu yetu, haina hata pamba moja. Nikamwambia mjomba kwamba labda mzee huyu anapumzika tu na mifugo yake. Mjomba akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Mwenye ngamia thelathini," akasema, "hapumziki juani wakati kivuli kiko ng'ambo."

Sikuwa na jibu. Tulizima gari, tukalirudisha nyuma hadi kwenye mwinuko, tukakaa.

Wakati tunangoja nikaanza kukumbuka niliyoyajua. Desemba 4, 2021, kule Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika, mbele ya watu waliosimama kando wakitazama. Walikufa zaidi ya watu 30. Mimi mwenyewe niliisoma habari ile studioni. Maji ya kufika magotini, yakiwa yanakimbia, hulegeza gari la kawaida likaelea. Gari zito kama letu haliitaji zaidi ya hapo sana. Na ardhi ya huku, iliyokaukia jua miezi na miezi, ina uso mgumu kama sakafu. Mvua ya saa moja ikipiga mlimani, maji hayapati pa kuzama, hayapati majani ya kuyashika. Hukusanyika yote kwa pamoja na kuteremka kwa njia yao ya zamani. Kwetu Matwebe mvua hiyo hiyo ingenywewa na migomba, na mto ungepanda polepole, kwa adabu.

Zikapita dakika hamsini. Kijana amelala usingizi. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu: udongo uliolowa na samadi. Ngamia wakageuza vichwa vyote upande mmoja. Kisha ikaja sauti, nami ningeapa ni lori linapanda Kitonga kwa gia ya kwanza. Halafu kwenye kona ya laga likatokea povu. Halikuwa ukuta wa maji kama wanavyosimulia. Lilikuwa ulimi, kimo cha kifundo cha mguu, wa rangi ya kahawa, unasukuma mbele yake vijiti na mavi ya mbuzi na chupa za plastiki, unanusa njia. Mtu mzima angeuruka. Nyuma yake dakika tatu, nne, laga lote lilikuwa limejaa ukingo kwa ukingo, na mti mzima ukapita na mizizi yake juu. Kisha akapita mbuzi.

Juu yetu jua lilikuwa linawaka.

Hakuna aliyesema neno. Kijana alikuwa ameamka, amesimama, ameshika funguo za gari mkononi kama mtu anayeogopa zisije zikaondoka zenyewe. Baadaye akaenda akasimama pembeni peke yake. Sikumfuata.

Tulipojaribu kurudi mjini tukakuta lile laga la kwanza nalo linakimbia. Basi tukawa kisiwani, kilomita nne kwa nne, sisi na mzee wa Kigabra na ngamia wake. Mjomba anatumia vidonge vya presha. Nilifungua mkoba nikahesabu, vilikuwa vya siku tatu, moyo ukatulia. Simu hazikushika. Jioni mzee yule akamkama ngamia mmoja, akatuletea maziwa kwenye kibuyu. Mjomba akatoa majani ya chai ya Tukuyu. Kuni tulizipata kwenye takataka zilizoachwa na maji, zile ambazo hazikulowa sana. Chai ya Rungwe kwa maziwa ya ngamia ina ladha ya chumvi kidogo na moshi mwingi, na nimekunywa chai katika hoteli kubwa isiyofika robo yake. "Ndaga fijo," mjomba akamwambia kwa Kinyakyusa, naye yule akaitikia kwa lugha yake, wakaelewana vizuri kabisa.

Usiku mvua ikatufikia na sisi. Ya baridi, ya upepo, ya ubavuni. Tulijibana watatu ndani ya gari. Mzee alikataa kuingia, akajikunja chini ya tumbo la ngamia. Alfajiri mbingu ilikuwa safi tena, na laga lilikuwa mchanga mbichi wenye madimbwi. Hakuingia pale pale. Alitangulia na fimbo, akachoma hapa na pale, akazunguka mahali ambapo mimi ningepaona pazuri, akatutokeza ng'ambo. Tulikanyaga nyayo za ngamia wake, tairi kwa unyayo.

Maikona ni nyumba chache kwenye ukingo wa uwanda mkubwa mweupe. Chalbi ilikuwa ziwa zamani za kale, na mvua kubwa ikija hukumbuka uziwa wake: tulikuta maji yametandaa hadi macho yanapoishia, kina cha kiganja, mbingu yote imelala ndani yake. Mjomba alipewa mjukuu mikononi. Mtoto akamshika ndevu. Nitaishia hapo, kwa kuwa mzee aligeuza uso na si haki yangu kutangaza yaliyokuwa usoni mwake.

Usiku huo shemeji yetu mwalimu alitusimulia jambo lililonikaa. Ukame ulipokuwa umeshika, alisema, watu walibakiza mbuzi wachache kwa kuwalisha maboksi ya karatasi na majani ya paa za nyumba. Kisha Machi 2023 mvua ikaja, ile mvua iliyoombewa misikitini na makanisani miaka mitatu. Mbuzi wale, waliobaki mifupa na ngozi, wakafa kwa baridi ya mvua katika usiku mmoja au miwili, na wengine wakazolewa na laga. Mtu aliyepita ukame wote na mbuzi kumi akaamka hana hata mmoja, tena amesimama kwenye majani mabichi.

Halafu akatuuliza, kwa upole tu, "Lakini nyie hamkusikia? Jana asubuhi walitangaza redioni. Walisema mvua kubwa mlimani, watu wasivuke malaga hadi kesho yake. Walirudia mara mbili, Kiborana na Kiswahili."

Nikasema hatukusikia. Mjomba alikuwa amekaa mbele kabisa ya redio ile, na alikiona kidole changu. Alinitazama kidogo, akaendelea kunywa chai yake, hakusema kitu. Hajasema hadi leo.

Tulikaa siku kumi. Wakati wa kurudi, Desemba 3, siku ya Jumapili, tulikuwa Namanga tunangoja karatasi za gari, na redio ya kibanda cha mama lishe ikatangaza maafa ya Hanang. Mwenyewe unakumbuka. Tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani asubuhi ile yakaupitia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Wataalamu walieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima iliyonyonya maji ilimeguka. Waliokufa walizidi 80. Katesh, msikilizaji, si Tukuyu. Ni nchi ya ngano na ng'ombe, nchi ambayo watu wake huwaza lini itanyesha. Kesho yake pale Babati tuliona malori ya msaada yakikata kona kuelekea huko, moja baada ya jingine. Kijana aliegesha gari pembeni kuyapisha, akazima injini. Kenya nako, katika wiki zile zile, mafuriko yalikwisha kuua zaidi ya watu 100, baadhi yao katika kaunti ambazo mwaka mmoja nyuma zilikuwa zikigawiwa maji kwa magari.

Mtera hatukuiona kavu tena. Pale Nyang'oro tulipita kwa mwendo wa kinyonga, mjomba akishuka kwenye kila kalvati kuuliza wenyeji, na safari hii hakuna aliyetazama saa.

Tangu hapo nimekuwa nikiketi chumba cha habari na kumsikiliza kijana wetu anayesoma hali ya hewa. Ana sauti nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Wiki iliyopita mjomba alipiga simu kutoka Matwebe, mvua inasikika nyuma yake juu ya bati. Alisema mjukuu ameanza kukimbia. Kisha akasema, "Mjomba, mwambie yule kijana wenu wa hali ya hewa asikimbie kama anafukuzwa. Jana amesoma Nyanda za Juu zote kwa pumzi moja. Huku kuna mtu alikuwa anatia viatu atoke."

Nilimfikishia kijana ujumbe. Juzi akasoma polepole, mkoa kwa mkoa, na akarudia mara mbili. Mkuu wa zamu amemwandikia karatasi kwa kula sekunde ishirini za tangazo la sabuni. Karatasi hiyo ninayo mimi, nimeahidi kuijibu.